Ua wa haibiskasi usio na ua

BARUA

Mshauri wa bustani, salamu kutoka Jinja, Uganda.

Nina haibiskasi saba, zote za maua mekundu. Moja niliipanda kando ya lango mwezi wa Machi mwaka jana. Ilitoka kitaluni ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), urefu wake sentimita 40 hivi. Leo imefika mita 1.8, lakini imepanda kama nguzo ya umeme: shina moja, majani yanaanzia usawa wa kiuno, chini ni fimbo tupu. Hatujawahi kuikata, kwa sababu mzee wangu anasema mti mchanga ukikatwa unakufa. Hutoa ua moja au mawili kileleni. Likifunguka asubuhi, jioni limesinyaa, kesho yake liko chini. Matumba mengine hugeuka njano na kuanguka kabla hayajafunguka. Majani mapya pia ni ya njano, ila mishipa yake imebaki kijani.

Sita zilizobaki nimezipanga mstari upande wa barabara ziwe ua, yaani uzio. Hizo kijana wa shamba huzikata kila baada ya wiki mbili kwa makasi makubwa, juu zimenyooka kama meza. Zimesongamana, zina kijani cha kupendeza, lakini tangu Agosti sijaona ua hata moja.

Kila mwezi kila mti naupa vizibo viwili vya soda vya urea na samadi ya kuku. Kwenye duka la pembejeo niliambiwa niongeze mbolea ya DAP ili maua yaje. Maji nampa kila mmoja kikombe cha nusu lita kila jioni, kwa kuwa mvua ilikatika Desemba na sasa ni Februari. Huo wa langoni uko hatua moja kutoka ukutani, na ukuta tuliujenga mwaka juzi. Jua linaupiga tangu saa nne asubuhi mpaka jioni.

Nataka miti mifupi, iliyojaa, yenye maua. Nianzie wapi?

Mama Mwenye Ua, Jinja

JIBU

Mama Mwenye Ua, asante kwa kutuandikia na vipimo. Barua nyingi huja na neno moja tu, "haichanui", tukabaki kubahatisha.

Mti wa langoni umenyimwa mkasi, ya barabarani imezidishiwa mkasi, na yote saba inakula chakula kisichoifaa. Lakini kabla ya mbolea, tazama tumba la haibiskasi linatokea wapi. Linatoka kwenye kwapa la jani, katika sehemu changa karibu na ncha ya tawi. Pale ambapo ua limekwisha kutoka, halitoki tena. Tawi lazima lirefuke au lichipue upya. Kwa hiyo anayetaka maua mengi anatafuta ncha nyingi, kisha anaziacha zikue. Mti wako wa langoni una ncha moja. Ya barabarani ina mamia ya ncha, ila kila siku ya kumi na nne makasi yanaziondoa pamoja na matumba ambayo bado ni madogo kuliko punje ya mtama. Kijana wako anavuna maua bila kujua.

Na ua kusinyaa jioni si ugonjwa. Haibiskasi ya kawaida ua lake huishi siku moja. Aina chache hufika siku mbili. Kichaka unachokiona kimejaa maua kila siku kina matawi mengi yanayopokezana zamu.

Kuhusu hofu ya mzee: kwa mti kama paini angekuwa na haki, maana ukiikata hadi penye mbao tupu haichipui. Haibiskasi ni tofauti. Kila alama ya jani lililoanguka kwenye hiyo fimbo tupu ina jicho lililolala. Halijafa, limezuiliwa. Ncha ya juu hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ikiondoka, kizuizi kinalegea. Mwombe mzee akwaruze gome la chini kwa ukucha, sehemu ndogo tu kama punje ya mchele: akiona kijani na unyevu, mti uko hai hadi hapo na unaweza kuchipua hapo.

Ila usikate leo. Februari udongo wa Jinja umekauka. Mti ukikatwa sasa hauna maji ya kusukuma machipukizi, na gome lililozoea kivuli cha majani litaungua kwa jua. Ngoja mvua za Machi zikishika, yaani udongo uwe umelowa kina cha kiganja. Wiki hizi mbili tatu zina kazi nyingine, nayo ni kuiandaa mizizi.

Anza na maji. Nusu lita jioni hulowesha sentimita chache za juu, na kesho saa sita zimekauka. Mizizi hufuata maji, kwa hiyo imebaki hapo hapo juu, ikiungua. Tengeneza kingo ya udongo kuzunguka mti, upana wa sentimita 60, kisha mimina nusu jerikani, lita 10, mara mbili kwa wiki, polepole mpaka yazame. Asubuhi ni bora kuliko jioni. Mti unaopata kiu kisha maji kidogo kisha kiu huangusha matumba kwanza, kwa kuwa tumba ndilo linalotupwa kabla ya jani. Bila shaka hii ni sehemu ya matumba yako ya njano.

Juu ya udongo uliolowa tandaza makapi ya kahawa, nyasi kavu au majani ya migomba yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 7. Makapi ya kahawa yanafaa hasa, kwa sababu yana potasiamu, lakini yachukue yaliyokaa nje miezi kadhaa. Mabichi hupata joto yakioza. Makapi ya miwa nayo yafaa juu ya udongo tu. Ukiyachimbia ndani, vijidudu vinavyoyaozesha vitakula nitrojeni ya mti. Na acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya matandazo na shina, la sivyo unawajengea mchwa daraja.

Sasa ukuta. Jani jipya la njano lenye mishipa ya kijani linasema mti haupati madini ya chuma. Jani la zamani la chini likiwa njano lote, hilo ni jambo jingine, mara nyingi uzee tu au maji yaliyotuama. Udongo wetu mwekundu una chuma tele. Ndiyo inayoupa hiyo rangi. Tatizo ni kwamba haibiskasi hukivuta chuma vizuri udongo ukiwa na uchachu kidogo, pH kati ya 6 na 7 (pH ni kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu unapungua), na mafundi waliojenga ukuta kwa kawaida hufukia mabaki ya saruji na chokaa hapo hapo chini. Chokaa hupandisha pH na chuma kinajifunga. Chukua konzi ya udongo mkavu wa hapo, imwagie siki: ukitoa povu, chokaa ipo.

Ikiwepo, chimba kwa uma upande wa ukuta, kina cha sentimita 30, toa vipande vya saruji na udongo wa kijivu, jaza udongo mzuri wa juu sehemu mbili kwa mboji sehemu moja. Ukikuta mzizi mnene, uzunguke. Kisha nyunyizia majani mbolea ya majani yenye chuma, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, jioni, mara moja kila wiki mbili, mara tatu. Angalia majani yatakayozaliwa baada ya hapo, si yale ya zamani. Ya zamani huenda yasirudi kijani kabisa. Usiuhamishe mti msimu huu. Kukatwa juu na kukatwa mizizi kwa pamoja ni mzigo mkubwa mno kwake.

Jambo la kuchungulia wakati unachimba: je, mizizi imetoka nje ya umbo la kavera? Miti mingi ya kitaluni hupandwa ikiwa mizizi imejizungusha kama kamba, na mwaka mzima baadaye bado inazunguka hapo hapo. Ukiona duara hilo, kata mizizi miwili mitatu ya nje kwa kisu kikali, ili mipya ielekee nje.

Mbolea. Vizibo viwili vya urea ni kama gramu 10, kwa kipimo si nyingi. Kosa ni kwamba urea ni nitrojeni peke yake, asilimia 46, na umeiweka juu ya samadi ya kuku ambayo nayo ina nitrojeni nyingi. Ndiyo maana ua wako una kijani cha kupendeza na shina la langoni limerefuka mbiombio. Achana nayo. Na hiyo DAP, hapana. Ina nitrojeni 18, fosfati 46 na potasiamu sifuri. Ushauri wa "fosfati kwa maua" umezoeleka, nao hufaa baadhi ya mimea, lakini haibiskasi huhitaji fosfati kidogo tu. Ikizidi, inazuia chuma, na mti wako wa langoni tayari una shida hiyo hiyo. Tunashangaa kidogo kwamba mtu aliuza hiyo bila kuuliza ni mmea gani.

Kinachotakiwa ni potasiamu kwa wingi, nitrojeni kiasi, fosfati kidogo. Ukipata NPK (mbolea yenye namba tatu, kwa mpangilio: nitrojeni, fosfati, potasiamu) ambayo namba yake ya mwisho ndiyo kubwa na ya katikati ndogo, nunua hiyo. Ukikuta 17:17:17 tu, inakubalika kwa kiasi: vizibo vitatu, gramu 15 hivi, kwa kila mti mara moja kwa mwezi wakati wa mvua. Imwage kwa duara chini ya mwisho wa majani, angalau sentimita 30 kutoka shinani, ifunike udongo, mwagilia. Miezi ya ukame usiweke. Chumvi ya mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi.

Chanzo bora kuliko vyote kiko jikoni kwako: maganda ya matoke. Yana potasiamu nyingi. Usiyatupe mabichi shinani, yataleta inzi na panya. Yaozeshe na majani makavu, kiasi sawa kwa sawa, geuza kila wiki mbili, na baada ya miezi mitatu hivi mboji ikiwa nyeusi na inanukia udongo, upe kila mti nusu debe mwanzoni mwa Septemba na nusu mwanzoni mwa Machi. Samadi ya kuku iingize kwenye rundo hilo badala ya kuiweka mbichi. Majivu ya jikoni pia yana potasiamu, lakini hupandisha pH kama chokaa: konzi moja kila miezi mitatu kwa miti ya barabarani, na kwa wa langoni usiweke kabisa. Wala usiyachanganye na urea au samadi ya kuku; nitrojeni nyingi itaruka hewani, utaisikia puani.

Mvua imeshika, sasa mkasi. Kwa mti wa langoni tunaenda kwa hatua mbili, kwa kuwa majani yote yako juu. Ukiukata mara moja hadi chini utaubakiza bila jani hata moja la kutengeneza chakula, na tayari una upungufu wa chuma. Hatua ya kwanza, kata kilele kwenye mita 1.4. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali, uliofutwa kwa spiriti. Kata nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, mkato umeinama kidogo upande ulio kinyume na jicho ili maji yasitiririkie juu yake. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho kitaoza. Ukikata karibu mno, jicho litakauka.

Siku hiyo hiyo, amsha macho ya chini. Chagua macho matatu kwenye pande tofauti za shina, moja sentimita 25 kutoka ardhini, la pili 40, la tatu 55. Juu tu ya kila jicho, kwa wembe safi, toa kipande chembamba cha gome, upana wa milimita 2 au 3, urefu theluthi moja ya mzingo wa shina, mpaka uone mbao nyeupe. Usizidishe theluthi na usizungushe gome lote. Ukilizungusha umelinyonga shina. Pengo hilo dogo hukata njia ya oksini kwa jicho lile. Bila hatua hii, ukikata kilele tu, yatachipua macho matatu manne yaliyo chini ya mkato, na utakuwa na ufagio juu ya fimbo. Hapo ndipo watu wengi wanaokata kwa woga wanapokwama.

Baada ya wiki sita hadi nane, mwishoni mwa Aprili kwa hesabu yako, machipukizi ya chini yakiwa na majani matano au sita kila moja, ndipo hatua ya pili: kata shina lote kwenye sentimita 60, juu ya chipukizi la juu kabisa kati ya yale matatu. Mzee atalia, mwambie asubiri. Ikiwa macho hayakuamka, kwaruza gome tena. Likiwa kijani, kata hapo hapo kwenye 60 mvua ikiwa bado ipo.

Kisha vidole vinachukua nafasi ya mkasi. Kila chipukizi likifika sentimita 15 hadi 20, dokoa ncha yake, sentimita 2 tu, ukibakiza majani matatu au manne. Kila moja litatoa mawili au matatu. Rudia mara moja zaidi, wiki nne au tano baadaye. Shina moja limekuwa matatu, matatu yakawa sita hadi tisa, na hayo yakakaribia ishirini. Hapo acha. Kila ukidokoa unaahirisha ua kwa wiki kadhaa, na kuna watu wanaopenda kudokoa hadi Desemba. Kutoka mdokoo wa mwisho hadi maua ya kwanza, hesabu miezi miwili hadi mitatu. Kwa mti wa langoni ni Agosti au Septemba.

Ua wa barabarani utakulipa mapema zaidi. Kijana aache makasi makubwa leo. Ukiyaacha matawi yakue na kuyapa maji, maua ya kwanza yanaweza kuonekana Aprili au Mei. Tatizo lililobaki ni lile tabaka la nje lililosongamana kama blanketi: ndani mwake hamna jani, maana jua haliingii. Mwanzoni mwa Machi, kwa mkasi wa kupogolea, ingiza mkono ndani ya kila mti, chagua theluthi ya matawi, yale marefu na manene kwanza, na ukate kila moja sentimita 30 ndani, juu ya jicho la nje. Utaona matundu, yaache, ndiyo madirisha. Mwezi unaofuata theluthi nyingine, wa tatu ile ya mwisho. Kwa mtindo huo kila tawi linapata kama miezi mitatu bila kuguswa, na theluthi mbili za mti ziko kazini wakati wote. Umbo liwe pana chini, jembamba juu, mfano sentimita 80 chini na 60 juu. Ua ulio mpana juu hujifunika miguu yake mwenyewe na chini hubaki wazi, kuku wanapita.

Ukitaka ua ulionyooka kama meza mwaka mzima, tunakwambia wazi, haibiskasi si mmea wake. Panda duranta, itavumilia makasi. Au kubali kunyoosha mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba.

Turudi kwenye matumba ya njano, kwa sababu huenda si kiu pekee. Okota matano yaliyoanguka, yapasue juu ya karatasi nyeupe na uyagongegonge. Vijidudu vyembamba kama uzi, vya njano au kahawia, visivyofika milimita 2, ni vithiripi. Ukikuta funza wadogo weupe ndani, ni wadudu wa tumba. Kwa vyote viwili kuokota matumba yaliyoanguka kila siku na kuyatia kwenye mfuko uliofungwa juani kunasaidia kuliko dawa, maana mzunguko wao hupitia kwenye udongo. Usiyaweke kwenye mboji. Kwa vithiripi, pamoja na vidung'ata weupe kama pamba na vidukari, changanya mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nyunyizia jioni chini ya majani na kwenye ncha, rudia baada ya siku saba, jumla mara tatu. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inachoma majani. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, fuata njia yao. Kwa kawaida inaishia kwa vidukari au vidung'ata, ambao sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wao.

Vipande utakavyokata Machi usivitupe. Chagua vyenye unene wa penseli, si laini kabisa wala si vigumu kabisa, urefu wa sentimita 12 hadi 15, acha majani mawili juu na uyakate nusu, chomeka macho mawili ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, uulinde unyevu. Wiki sita hadi nane vitakuwa na mizizi, navyo vitaziba mapengo ya ua kwa nafasi ya sentimita 75 kutoka mti hadi mti.

Na zungushia miba au wavu machipukizi ya Machi. Mbuzi wanapenda sana majani ya haibiskasi, hasa yale laini ya wiki tatu, na upande wa barabara hauna wa kuwafukuza mchana kutwa.